Darasa lisilochoma wala kugandisha: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu joto la darasani

Nimeyakusanya hapa maswali ambayo walimu, wazazi, kamati za shule na mafundi wanarudia kuuliza. Sio lazima usome yote, ruka hadi lile linalokuhusu, na pale jibu linapogusa swali lingine nimekutajia uende wapi.

## Mambo ya msingi

Joto zuri la darasa ni nyuzi ngapi?

Hamna namba moja ya dunia nzima, na ukimkuta mtu anakuambia "ni 22 basi" jua amechukua namba ya sehemu moja akaipeleka kila mahali. Mwili unazoea hali ya hewa ya unapoishi. Richard de Dear na Gail Brager mwaka 1998 walichambua vipimo vya majengo ya sehemu nyingi za dunia, wakaona kwenye majengo yanayotegemea madirisha, joto ambalo watu wanaliona poa linapanda kadri wastani wa joto la nje unavyopanda. Hesabu yao ni rahisi: chukua wastani wa nje, zidisha kwa 0.31, jumlisha 17.8. Kwa hiyo mahali ambapo wastani wa nje ni 27, watu wanaridhika kwenye 26 hivi, na mahali ambapo wastani ni 12 wanaridhika kwenye 21 na nusu. Unaruhusiwa kupanda au kushuka nyuzi 2 na nusu hivi bila malalamiko mengi.

Sasa hapo kuna jambo la kuangalia: hesabu hiyo ilitokana na watu wazima, wengi wao wafanyakazi wa maofisini. Tafiti zilizofanyika shuleni, mfano zile za Uingereza, zimeonyesha watoto wanapenda ubaridi zaidi kidogo kuliko hesabu za wakubwa zinavyotabiri. Mwalimu akisema "mbona mimi naona sawa tu" asiwe yeye ndio kipimo.

Kipimajoto kinasoma 28 madarasa yote mawili, mbona hili watoto wanatokwa jasho na lile wako poa?

Kwa sababu kipimajoto cha ukutani kinapima hewa peke yake, na mwili hausikii hewa peke yake. Kuna vitu 6 vinavyoamua: joto la hewa, joto la vitu vinavyokuzunguka (dari, kuta, vioo), mwendo wa hewa, unyevu, nguo ulizovaa, na mwili wako unafanya kazi kiasi gani. Ole Fanger, mhandisi wa Denmark, aliviweka pamoja kwenye hesabu zake mwaka 1970, na mpaka leo viwango vya kimataifa kama ISO 7730 vinasimama hapo.

Kile cha pili ndio watu wanakisahau kabisa. Dari lililopigwa na joto la bati linakuwa na nyuzi 45 huku hewa ikiwa 28, na hilo dari linamwaga joto kichwani kwa mtoto moja kwa moja, kama vile umekaa karibu na jiko, hewa iko vilevile lakini upande mmoja wa uso unaungua. Ukiingia darasa ukasikia joto linashuka kutoka juu, tatizo lako ni paa, usianze kununua feni kabla hujasoma swali la bati.

Na jua hili pia, kwa hesabu za Fanger hata ukipatia kila kitu bado kama asilimia 5 ya watu wataona joto au baridi. Darasa la kumridhisha kila mmoja halipo, kwa hiyo ruhusu watoto wahame viti, wavue sweta, wafungue dirisha lililo karibu nao.

Kweli joto linaathiri kusoma, au ni watoto tu kuwa wavivu mchana?

Linaathiri, na hapa naomba tuache kuwaonea watoto. Utafiti uliotoka 2020 wa R. Jisung Park na wenzake Marekani uliangalia mamilioni ya wanafunzi waliofanya PSAT, mtihani wa wanafunzi wa sekondari wa huko, zaidi ya mara moja, yaani unamlinganisha mtoto na yeye mwenyewe, wakakuta kwenye shule zisizo na viyoyozi kila nyuzi 1 ya Fahrenheit (kama nusu nyuzi ya Selsiasi) inayoongezeka kwenye wastani wa mwaka wa shule inakula karibu asilimia 1 ya kile ambacho mtoto angejifunza mwaka huo. Denmark nako Pawel Wargocki na David Wyon walishusha joto la madarasa kutoka kama 25 hadi 20, watoto wakafanya kazi za hesabu na za lugha haraka zaidi.

Mwili ukiwa na joto unapeleka damu kwenye ngozi, unatoa jasho, unachoka, na usingizi unakuja. Mtoto anayesinzia saa nane mchana chini ya bati sio mvivu, mwili wake uko kazini.

Joto la darasani linatoka wapi hasa?

Kutoka sehemu tatu: jua, watu, na hewa ya nje. Tupige hesabu ya darasa la mita 7 kwa 9, yaani mita za mraba 63. Jua la mchana mbingu ikiwa safi linaleta karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba ya paa, maana yake paa hilo linapigwa na kilowati 63. Wanafunzi 45 waliokaa, kila mmoja anatoa kama wati 70, jumla kilowati 3 na kidogo, sawa na pasi 3 za umeme zimewashwa na hazizimwi mpaka kengele ilie.

Angalia hizo namba tena. Ikipenya hata sehemu moja tu ya kumi ya jua la paani, tayari joto hilo ni mara mbili ya la wanafunzi wote. Ndio maana kila nikiulizwa tuanzie wapi nasema zuia jua kwanza, kisha toa joto la watoto kwa hewa, mashine zije mwisho kabisa. Ukianza na mashine unapambana na hizo kilowati kila siku kwa bili ya umeme.

## Jua, paa na kuta

Jengo lielekee upande gani?

Urefu wa jengo ulale mashariki-magharibi, ili kuta ndefu zenye madirisha ziangalie kaskazini na kusini. Kuta fupi ndio zielekee jua linapochomoza na linapozama, na hizo usiweke madirisha au weka kidogo sana. Jua la asubuhi na la jioni linakuja chini chini, linapita chini ya upenu wowote, na la magharibi ndio baya zaidi maana linakuja wakati hewa yenyewe tayari imeshapata moto.

Kiwanja kikikulazimisha kupinda nyuzi 15 au 20 sio balaa. Maeneo ya karibu na ikweta jua linahama, nusu ya mwaka liko kaskazini na nusu liko kusini, kwa hiyo pande zote mbili zinahitaji upenu. Huko, upenu wa mita 1 unaotokea juu tu ya dirisha unaweza kulifunika dirisha la mita 1 na nusu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana mwaka mzima, na ukiongeza baraza pana ndio vizuri zaidi kwa sababu ukuta nao haupigwi jua na watoto wanapata pa kukaa mvua ikinyesha. Ukienda mbali na ikweta mambo yanabadilika, upande unaoangalia ikweta ndio unaopata jua, na wakati wa baridi unalitaka hilo jua liingie.

Bati ndio tumeshaezeka, lina joto kama oveni, tufanye nini?

Bati lenyewe sio adui. Ni jepesi, linazuia mvua, linadumu, na usiku linapoa haraka kuliko zege. Tatizo ni bati kukaa juu ya vichwa vya watoto bila kitu katikati. Kuna ngao tatu na ukiweza weka zote.

Ya kwanza ni rangi. Bati jeusi au lenye kutu linaweza kufika nyuzi 60 au 70 juani. Rangi nyeupe ikiwa mpya na safi inarudisha karibu asilimia 80 ya jua. Watu wanasema "lakini bati letu linang'aa, si linarudisha jua?" Ni kweli linarudisha kiasi, ila bati tupu ni zito kutoa joto lililoingia, linalikumbatia, ndio maana likipata moto haliachii. Rangi nyeupe inafanya yote mawili, inarudisha jua na inaachia joto. Kasoro yake ni vumbi na ukungu, kila mwaka paa lioshwe na baada ya miaka kadhaa lipakwe tena.

Ya pili ni dari, na hapa namaanisha dari pamoja na hewa inayopita juu yake. Watu wanapiga silingi bodi vizuri kabisa halafu wanaziba kila tundu, hewa ya kati ya bati na dari inakaa humo inachemka mchana kutwa na mwishowe dari nalo linakuwa la moto. Acha matundu kwenye upenu na mengine juu kwenye mgongo wa paa au kwenye kuta za pembetatu za ubavuni, hewa ya moto itoke yenyewe. Weka wavu, la sivyo popo watahamia.

Ya tatu ni foili ya alumini au insulesheni, yaani tabaka la kuzuia joto lisipite. Foili inazuia joto la mionzi lakini LAZIMA iwe na nafasi ya hewa angalau sentimita 2 na zaidi kwa upande unaong'aa, ukiibananisha na bati haina kazi, inageuka kuwa chuma kingine tu. Upande unaong'aa uangalie chini, hapo vumbi halikai. Nimeona mafundi wengi wanaikunja na kuibana kwa misumari juu ya mbao huku imegusana na bati mwanzo hadi mwisho, hela imeenda na joto lipo palepale.

Na kama ndio unachora upya, chukua somo kwa Diébédo Francis Kéré. Shule yake ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001, ina dari la matofali ya udongo lenye matundu, halafu juu yake bati limenyanyuliwa kwa kenchi nyepesi za nondo, kati yake upepo unapita. Hewa ya moto ya darasani inapanda inatokea kwenye matundu na kupeperushwa, na bati linafanya kazi ya mwavuli tu. 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, na shule hiyo ndio ilikuwa kazi yake ya kwanza kujengwa.

Ukuta mnene wa udongo au tofali nzito ni bora kuliko ukuta mwepesi?

Inategemea usiku wenu ukoje. Ukuta mnene wa sentimita 30 unachelewesha joto kwa saa 8 hadi 10, yaani jua la mchana linafika ndani watoto wameshaenda nyumbani. Hiyo ni faida kubwa sana kwa shule kwa kuwa usiku hakuna mtu. Lakini sharti lake ni usiku uwe na baridi ya maana na ufungue matundu ya juu usiku kucha ili ukuta upoe, ukifunga kila kitu jioni asubuhi unaanza siku na deni la jana.

Sehemu za pwani na zenye unyevu ambapo usiku ni joto karibu sawa na mchana, ukuta mzito hauna wakati wa kupoa. Huko bora ukuta mwepesi uliofunikwa na kivuli na madirisha mengi.

Tunataka madirisha makubwa ya vioo ili darasa liwe na mwanga. Kuna shida?

Mwanga mnauhitaji, lakini mwanga wa anga unatosha kabisa bila jua lenyewe kuingia. Kioo kinapitisha jua, jua linapiga sakafu na madawati, vinapata moto, na joto lile haliwezi kutoka tena kwenye kioo kirahisi. Kwa hiyo kila dirisha liwe na kivuli cha NJE. Pazia la ndani linapunguza mng'ao machoni lakini jua limeshaingia, pazia linakuwa hita.

Luva au madirisha ya kufungua wazi yote ni bora kuliko yale ya kuteleza, kwa sababu ya kuteleza hata ukifungua mpaka mwisho nusu imefungwa.

## Hewa

Tuna madirisha mengi lakini hewa haipiti. Kwa nini?

Mara nyingi yako upande mmoja. Upepo hauingii chumbani kama hauna pa kutokea. Darasa lenye matundu pande mbili zinazotazamana linaweza kupata hewa mpaka upana wa kama mara 5 ya kimo cha dari, lenye upande mmoja tu linaishia mara 2 au 2 na nusu. Kwa dari la mita 3 maana yake mita 6 na kitu, watoto wa mwisho kule ukutani hawapati kitu na ndio hao hao mnaosema hawasikilizi.

Sababu nyingine ni kimo. Dirisha likianzia mita 1 na nusu kutoka sakafuni upepo unapita juu ya vichwa, mtoto aliyekaa hausikii. Tundu la kuingilia liwe usawa wa mwili wa mtoto aliyekaa, la kutokea liwe juu upande wa pili. Na angalia nje, ukuta wa uzio, stoo au darasa lingine lililobanana mbele ya madirisha linaua upepo kabla haujafika.

Hewa kiasi gani inatakiwa?

Kwa kupumua vizuri, chukua lita 8 kwa sekunde kwa kila mtu kama kadirio. Watoto 45 ni lita 360 kwa sekunde, na kwa lile darasa letu la mita 7 kwa 9, lenye mita za ujazo kama 200, maana yake hewa yote ibadilike kila dakika 9 au 10 hivi. Ila hiyo ni ya kupumua tu. Kuondoa zile kilowati 3 za watoto ili ndani pasizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 2, unahitaji kama mara 3 na nusu ya hapo. Ndio maana darasa la joto linataka matundu makubwa kuliko unavyofikiria, tundu dogo la choo juu ya dirisha halitoshi hata kidogo.

Na siku ambayo hakuna upepo kabisa?

Hapo unatumia tabia ya hewa ya moto kupanda. Matundu chini, matundu juu, na tofauti ya kimo iwe kubwa iwezekanavyo, maana hewa inayovutwa kwenda juu inaongezeka kadri kimo na tofauti ya joto vinavyoongezeka. Haiongezeki moja kwa moja, kimo kikiwa mara 4 hewa inakuwa mara 2, kwa hiyo dari la mita 3 na nusu lenye tundu la juu linasaidia lakini usitegemee miujiza. Minara ya upepo ya zamani kama badgir za Yazd kule Iran ilifanya kazi zote mbili, kukamata upepo ukiwepo na kutoa hewa ya moto ukiwa haupo.

Feni inasaidia au inazungusha joto tu?

Inasaidia, ila elewa inachofanya. Feni haipozi hewa hata nyuzi moja, inampoza mtu kwa kukausha jasho lake. Hewa ikitembea kama mita 0.8 kwa sekunde mwili unahisi kama joto limeshuka nyuzi 3 hivi. Feni ya dari ya kawaida inakula kama wati 60, kwa hiyo 4 za darasa zima ni wati 240, chini hata ya robo ya pasi moja. Kwa pesa hiyo hakuna kifaa kingine cha umeme kinachokupa unafuu namna hiyo.

Iwe na mapanga yaliyo juu zaidi ya mita 2.4 kutoka sakafuni na isikae chini ya taa, la sivyo mwanga unakatwakatwa na macho yanauma. Zipangwe sawasawa, feni moja kubwa katikati inawapeperushia madaftari wa katikati na wa pembeni wanabaki na jasho lao. Kuhusu joto kali sana ambapo feni inaweza kugeuka kuwa ya kudhuru, nenda swali la mwisho kabisa.

Mbu, vumbi na kelele je? Tukifungua kila kitu si tutaumia?

Wavu wa mbu unaweza kula hadi nusu ya hewa, kwa hiyo kama mnauhitaji ongezeni ukubwa wa dirisha badala ya kutoa wavu. Vumbi linapungua mkipanda nyasi na vichaka upande upepo unakotoka. Kelele ndio ngumu zaidi kwa kweli, panapopita hewa sauti nayo inapita, barabara ikiwa upande mmoja weka korido au stoo upande huo na hewa ivute kutoka upande wa uani.

Kwa nini tusiweke kiyoyozi tu tumalize?

Kuna mahali kinahitajika na sitamlaumu mtu. Lakini darasa lenye bati tupu na watoto 45 litahitaji viyoyozi viwili au vitatu vya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kila kimoja kinavuta zaidi ya kilowati moja, na umeme ukikatika mmebaki na chumba kilichozibwa kisicho na hewa. Hilo la mwisho ndio linanitia wasiwasi zaidi. Viyoyozi vingi vya ukutani havileti hewa mpya, vinazungusha ile ile. Nje hewa ya ukaa ni kama sehemu 420 kwa milioni, darasa lililofungwa linapita 1000 mapema tu, vichwa vinauma na watoto wanapiga miayo kwenye chumba cha nyuzi 22.

Mkikiweka, zuieni kwanza jua la paa (swali la bati), mseti 25 au 26 pamoja na feni za dari, na muwe na njia ya hewa mpya. Kipozeo cha maji, kile cha kupitisha hewa kwenye sponji lililolowa, ni cha bei nafuu na kinafanya kazi vizuri sehemu kavu. Sehemu za unyevu usinunue, kitawaongezea unyevu na jasho halitakauka.

## Kwenye baridi

Huku kwetu tatizo ni baridi. Haya yote yanatuhusu?

Mengi yanawahusu kwa kugeuzwa. Dari na insulesheni zinafanya kazi ile ile, zinazuia joto lisitoke. Jua mnalitaka liingie. Wanafunzi ni hita zenu za bure, zile kilowati 3, asubuhi darasa likiwa limezibwa vizuri linapata joto lenyewe ndani ya kipindi cha kwanza. WHO kwenye mwongozo wake wa nyumba na afya wa 2018 walitaja 18 kama kiwango cha chini salama kwa majengo ya kukaa watu msimu wa baridi, nami naona darasa lisishuke hapo.

Kinachowatesa watoto mara nyingi ni sakafu ya zege yenye baridi na upepo mwembamba unaopenya chini ya mlango na kuwapiga miguuni. Kichwa na kisigino vikitofautiana zaidi ya nyuzi 3 mtoto hatulii. Ziba chini ya mlango na weka kitu sakafuni kabla ya kununua hita.

Tumeziba kila kitu, sasa kuta zinalia maji na kuna ukungu. Tumekosea wapi?

Mmeziba na hewa ya kupumua. Kila mtoto anatoa mvuke, mvuke unakutana na ukuta wa baridi unageuka maji. Ziba nyufa lakini acha matundu ya juu yanayofungulika, na kila mapumziko fungueni madirisha yote kwa dakika 5. Hewa inabadilika, kuta hazina muda wa kupoa, joto linarudi haraka. Jiko la mkaa ndani ya darasa lililofungwa ni marufuku, moshi wake usioonekana unaua.

## Darasa lililokwisha jengwa

Hatuna hela ya kubomoa. Tuanze na nini?

Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, paka paa rangi nyeupe. Baada ya hapo kivuli cha madirisha ya magharibi, hata cha mianzi au turubai lililotundikwa nje likiachiwa nafasi ya hewa. Kisha toboa matundu ya juu upande wa pili wa madirisha, muiteni fundi mwenye akili asikate karibu na lenta wala nguzo. Dari lifuate, feni zifuate.

Na kuna vya bure kabisa. Masomo magumu yawe asubuhi, madawati yasogezwe mbali na ukuta wa jua, matundu ya juu yaachwe wazi usiku. Shule moja niliyoitwa walikuwa wanalalamika darasa la kona halikaliki, kufika nikakuta madirisha ya upande wa pili yamezibwa na makabati ya vitabu miaka yote. Tulihamisha makabati tu.

Miti inasaidia kweli?

Sana. Mti unaweka kivuli na unapoza hewa kwa maji unayotoa kwenye majani, kitu ambacho turubai halifanyi. Panda upande wa magharibi kwanza, mti wenye shina refu na matawi ya juu ili upepo upite chini yake, na uache mita kadhaa kutoka msingini kwa ajili ya mizizi. Sehemu zenye majira ya baridi chagua unaopukutisha majani. Uwanja wa lami au zege mbele ya madirisha uondoeni mkiweza, unapasha upepo kabla haujaingia.

Tunapimaje bila vifaa vya gharama?

Kipimajoto cha kawaida, mita 1.1 kutoka sakafuni, mbali na jua na ukuta, kisomwe saa tatu, saa sita na saa tisa kwa wiki mbili, na kingine nje kivulini. Kwa joto la mionzi kuna ujanja wa zamani unaokubalika: mpira wa tebo tenisi uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, toboa, ingiza ncha ya kipimajoto ndani. Mpira ukisoma nyuzi 3 au 4 zaidi ya hewa, dari au ukuta wenu unawachoma. Halafu waulizeni watoto, kila mmoja aandike joto, sawa au baridi pamoja na pale anapokaa. Mkichora majibu kwenye ramani ya darasa mtaona tatizo lilipo mara moja.

## Hali za pekee

Maabara ya kompyuta inahitaji nini tofauti?

Kompyuta ya mezani inatoa joto la wati 100 hivi, sawa na kumwongeza mtu mwingine na zaidi kwa kila kiti. Tumieni laptop, zinatoa nusu au chini ya hapo, na chumba kiwe upande usiopigwa jua la mchana.

Madarasa ya ghorofa, mbona la juu ndio moto zaidi?

Kwa sababu linabeba paa peke yake, yale ya chini yamefunikwa na wenzao. Zege la juu lisilofunikwa linanyonya jua mchana kutwa na kuanza kulishusha ndani kuanzia alasiri hadi usiku. Lifunikeni kwa kivuli cha bati lililonyanyuliwa, au rangi nyeupe na insulesheni kwa juu, sio kwa chini, ili zege libaki upande wa baridi.

Darasa la kontena linafaa?

Kwa dharura. Ni sanduku la chuma, pande zote sita zinapata moto. Bila paa la pili lililoinuliwa juu yake, insulesheni na matundu pande mbili ndefu, usiwaweke watoto humo mchana.

Joto likipita 35 tufanyeje?

Hapo hewa imeshalingana na ngozi, feni haitoi tena joto mwilini isipokuwa kwa jasho, na hewa ikiwa kavu na ya moto sana inamkausha mtoto bila yeye kujua. Mpeni maji kila mmoja bila kusubiri aombe, lowesheni mikono na shingo, sweta na tai zivuliwe bila mjadala, michezo iahirishwe, hamieni chini ya mti kama kuna baridi kuliko ndani. Watoto wadogo, wenye pumu, wenye selimundu na wasioweza kueleza wanavyojisikia waangaliwe kwanza, wakae karibu na dirisha. Mtoto akianza kuchanganyikiwa, kutapika au akazimia mwili ukiwa wa moto, mwagieni maji, mpepeeni na mpelekeni hospitali papo hapo, msingoje kengele.